Tumehesabu ndege wa chumvini Tanga, hawafiki nusu ya mwaka jana. Wamepungua au tumekosea kuhesabu?

#1 MwanaSahare
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa kwenye zoezi la kuhesabu ndege wa maji, mashamba ya chumvi huku kaskazini ya mji. Ni mwaka wangu wa pili kujitolea. Mwaka jana jaruba la tatu (kidimbwi cha chumvi) peke yake lilikuwa jeupe kwa wale wala kaa: miguu mirefu ya kijivu, mgongo mweusi, mdomo mweusi mzito kama wa kuvunjia kokwa. Walisimama mguu mmoja mmoja, wote wameuelekea upepo wa kaskazi. Mwaka huu nimetembea tuta zima nikapata kumi na tisa. Na wale wadogo wa kijivu wanaokimbiakimbia ukingoni, hawafiki nusu.

Fomu nimejaza na kukabidhi, ila tangu siku hiyo sina raha. Mwenye kujua anieleze. Wamepungua kweli, au sisi ndio hatukuhesabu sawasawa? Karatasi ile inakwenda mbali, na sitaki Tanga iandikiwe jambo ambalo si lake.

#2 KijanaMakorora
Tanga, waja leo waondoka leo. Hata ndege wameusikia msemo.

#3 DarubiniKuukuu
Mkuu MwanaSahare, hongera kwa kwenda. Kwa wasiojua: sensa hii hufanyika dunia nzima katikati ya Januari, ilianza 1967, na shirika la Wetlands International ndilo linaloiratibu. Januari imechaguliwa kwa sababu wageni kutoka kaskazini wameshafika na wametulia. Ukihesabu Oktoba au Aprili, unahesabu abiria waliopo stendi.

Swali langu ni dogo. Mlihesabu mkiwa wangapi, na mwaka jana mlikuwa wangapi? Jicho la mgeni likikutana na kundi kubwa huhesabu pungufu, hilo nimeliona kwa kila anayeanza. Akiona mia tatu ataandika mia mbili, na ataapa.

#4 MwanaSahare
#3 mwaka jana tulikuwa sita na mwalimu mwenye darubini ya miguu mitatu. Mwaka huu wanne, darubini za mkononi tu. Lakini kumi na tisa hawahitaji darubini, kaka. Nimewahesabu mara tatu.

#5 BiKigombe
Mwanangu, hiyo Jumamosi ilikuwa mwezi ngapi?

#6 MwanaSahare
Shikamoo Bi Kigombe. Tarehe za mwezi wa kuandama? Nadhani ilikuwa mwezi nane au tisa. Tulianza saa moja asubuhi, saa nne tumemaliza.

#7 BiKigombe
Marahaba. Basi mmeenda maji mafu, na hapo ndipo penye jambo lenu.

Mimi nachokoa pweza tangu niko msichana, ndege hao naamka nao. Wanakula kaa kwenye matope maji yakiwa yametoka. Maji yakijaa wakafukuzwa, ndipo wanaruka kwenda kupumzika chumvini. Bamvua la huku kwetu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi kuandama, hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na likijaa halibakizi hata kidole cha tope. Ndege wote lazima watafute pakavu. Maji mafu hayafiki juu, matope mengine yanabaki wazi kutwa. Nani ataacha chakula aende kukaa kwenye tuta la chumvi?

Kawaulize mliohesabu nao mwaka jana mlienda lini.

#8 MwanaSahare
Nimetoka kumpigia mwalimu. Mwaka jana ilikuwa mwezi kumi na sita, tukahesabu alasiri. Bi Kigombe, sina la kusema ila asante.

#9 DarubiniKuukuu
Namuunga mkono Bi Kigombe. Hapa Tanga bamvua linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tofauti ya namna hiyo ndiyo inayoamua ndege wako wapi saa ngapi. Ofisini hupanga tarehe kwa kalenda ya ukutani, Jumamosi watu wakiwa na nafasi. Ndege hawana Jumamosi.

#10 Mchumvi_Mstaafu
Habari zenu. Nimefanya kazi kwenye chumvi miaka mingi, sasa nimepumzika. Maelezo ya Bi Kigombe ni ya kweli kwa hao wala kaa. Kwa wadogo si kweli, na anisamehe dada yangu.

Jaruba si bwawa moja. La kwanza linapokea maji ya bahari na lina visamaki. Yale ya katikati maji yameanza kukolea, ndimo wanamojaa vijidudu. La mwisho ni chumvi tupu, humo haishi kitu. Ndege wadogo wanakula katika yale ya katikati, maji yajae yasijae, maji mafu au bamvua. Mimi nimewaona saa sita ya mchana, jua la kaskazi linachoma, wanadonoa tu.

Lakini wana miguu mifupi! Maji yakizidi kifundo cha mguu wako, yeye haingii. Bei ya chumvi ikishuka, mwenye shamba hana haja ya kuhangaika, anafungulia maji yanajaa anaacha hivyo hivyo. Au anaacha pakauke, panapasuka kama kigae. Kote kuwili ndege hana kazi. MwanaSahare, majaruba ya katikati yalikuwaje?

#11 MwanaSahare
Mzee wangu, mawili yalikuwa yamejaa hadi karibu na tuta. Sikuandika kwenye fomu, hapakuwa na pa kuandikia.

#12 Mchumvi_Mstaafu
Pembeni ya karatasi daima pana nafasi.

#13 Kaole_Mwenyeji
Salamu kutoka Bagamoyo. Hata sisi tuna mashamba ya chumvi, na mwaka huu ndege wadogo walikuwa wachache. Hatukuhesabu kwa fomu, nasema kwa macho tu. Kwa hiyo msililie majaruba ya Tanga peke yake.

Halafu, yule mla kaa anatoka Ulaya, huenda huko kuna baridi amechelewa.

#14 DarubiniKuukuu
#13 hapana, mkuu. Mla kaa hatoki Ulaya kabisa. Anazaliana pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, kwenye joto kali. Hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo analolichimba mchangani. Ni jirani yetu wa njia ya majahazi, anakuja na kaskazi kama walivyokuja mabaharia.

Wanaotoka mbali ni hao wadogo. Kuna yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, uzito wake gramu 60 hivi, anazaliana Siberia kwenye nchi tambarare isiyo na miti. Kule kuna vipanya wanaitwa lemingi. Kila baada ya miaka 3 au 4 wanajaa, halafu wanaanguka ghafla. Wakijaa, mbweha wa theluji anashiba panya. Wakianguka, mbweha anageukia mayai na makinda ya ndege. Mwaka huo sisi huku tunapata wazazi bila watoto, makundi yanapungua pwani nzima, Bagamoyo na Tanga kwa pamoja. Alichosema Kaole kinaingia hapa vizuri.

#15 KijanaMakorora
Yaani panya akifa Siberia, fomu ya MwanaSahare inapungua Tanga? Hii elimu nimeipenda, nimemsomea mama, hajaamini.

#16 Mchumvi_Mstaafu
Siberia sijafika. Majaruba nimefika.

#17 Fungu_la_Maziwe
Naomba niingie kwa upande wa kasa, maana sisi kilio hiki tunacho kila mwaka. Najitolea Ushongo, Pangani. Kisiwa cha Maziwe zamani kilikuwa na mivinje na kimekuwa eneo tengefu la bahari tangu 1975. Sasa ni fungu la mchanga, bamvua likijaa linafunikwa lote. Kasa bado wanapanda kutaga pale pale. Mayai yakiachwa yanazama, kwa hiyo yanahamishwa kuletwa ufukweni Ushongo.

Kazi yangu ni kutembea alfajiri kusoma nyayo. Kasa wa kawaida anaburuta mapezi yote mawili kwa pamoja, alama zinalingana kulia na kushoto kama tairi la trekta. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, anapishanisha, kama mtu anayetambaa. Wengine wanapanda, wanachimba kidogo, kitu kinawashtua, wanarudi majini bila kutaga. Hapo unapiga magoti, unashika mchanga kwa kiganja. Penye mayai mchanga wa juu umerushwa, ni laini na una unyevu. Pasipo mayai, umeshindiliwa.

Sasa hesabu. Mashimo matano si kasa watano. Jike mmoja anataga mara kadhaa kwa msimu, kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo mwaka wa mashimo mengi unaweza kuwa wa majike wachache wenye afya.

#18 Makorora_B
Na hao hao wanarudi mwaka unaofuata, sivyo? Basi mkilinganisha mwaka kwa mwaka mnapata jibu.

#19 Fungu_la_Maziwe
#18 hawarudi mwaka unaofuata. Kasa akishataga msimu mmoja, hupumzika miaka miwili, mitatu, hata minne. Mwaka mmoja wenye mashimo machache haukuambii kitu. Nilipoanza nililia kweli, nikidhani wamevuliwa wote. Mzee mmoja wa pale akaniambia, binti, subiri. Mwaka wa tatu wakaja.

Ndiyo maana MwanaSahare namwambia asikate tamaa kwa miaka miwili tu. Miaka miwili ni nukta mbili, na nukta mbili huwezi kuzichorea njia.

#20 MwanaSahare
Nimekuelewa dada. Lakini na mimi niseme: nukta zikingojewa sana, mtu anaamka tuta limeshajengwa nyumba. Wapo wanaotumia "subirini takwimu" kuwanyamazisha watu wa pwani. Sisemi wewe.

#21 Fungu_la_Maziwe
Hapo tuko pamoja. Tusubiri huku tukienda, tusisubiri tumekaa.

#22 Usambara_Ukungu
Huku milimani Amani tuna shida tofauti: hatuoni tunachohesabu. Niliwahi kuwasindikiza watu kuhesabu ndege kwenye hifadhi ya taifa ya Amani. Unasimama mahali pamoja dakika kumi, husogei, unasikiliza, unaandika kila sauti. Kuna kindege mdogo mwenye mdomo mrefu, anakaa kwenye mizabibu ya porini na vichaka vilivyofungana. Umbo lake nimeliona mara mbili tu maishani. Sauti yake naijua kama ya jirani.

Usiku ndiyo kazi. Kuhesabu bundi! Nyumbani walikataa nisirudi moja kwa moja, ilibidi nipitie kwa shangazi kwanza. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, na mimi nalipwa chai ya maziwa nimfuate msituni kwa hiari yangu. Baada ya usiku wa tatu nilikuwa namsubiri kwa hamu. Sauti yake nzito inatoka bondeni kama mtu anayeguna ndani ya mtungi.

#23 DarubiniKuukuu
#22 nakusahihisha kidogo tu: Amani si hifadhi ya taifa, ni hifadhi ya mazingira asilia, tangu 1997. Iko chini ya watu wa misitu. Hifadhi ya taifa ya karibu yetu ufukweni ni Saadani, tangu 2005, kabla yake ilikuwa pori la akiba. Hayo mengine umeeleza vizuri kuliko mimi ninavyoweza.

#24 Usambara_Ukungu
Nashukuru, nimesahihishwa. Chai ya maziwa ibaki ilivyo.

#25 Pongwe_Reli
Samahani, mnasema kujitolea, lakini nasikia kuna posho. Kujitolea gani kwa posho? Ndugu yangu alipewa nauli na chakula, akahesabu asubuhi, mchana akalala chini ya mwembe. Hapo ndipo ndege wanapopungulia.

#26 BiKigombe
Pongwe, mtu atoke mjini na bodaboda hadi chumvini, arudi usiku, kwa mfuko wake? Atakayeweza ni mwenye gari tu. Wachokoa pweza tusiitwe basi. Nauli na sahani ya wali si mshahara.

#27 Pongwe_Reli
Sijakataa nauli. Nakataa kulala.

#28 Kaole_Mwenyeji
Sisi mwaka mmoja tulizuiwa na wanakijiji. Wametuona na darubini, karatasi na kamba ya kupimia. Wakasema hawa wamekuja kupima viwanja, mwekezaji yuko njiani. Akina mama wakasimama juu ya tuta, mikono kiunoni, hatupiti. Tulikaa chini ya mnazi saa nzima. Mwisho binti mmoja akaomba achungulie darubini. Akamwona yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, akapiga kelele: "Huyu namjua, anakula karibu na nyumba yetu!" Wakaja wote, mmoja mmoja, wakachungulia. Tukahesabu nao. Lakini jua lilikuwa limepanda, hewa juu ya chumvi inacheza, ndege wa mbali wanaonekana kama wanaelea. Mwaka ule hesabu yetu ilikuwa ndogo, na sababu yake haimo kwenye fomu yoyote.

#29 KijanaMakorora
Huyo mwenye mdomo uliopinda si ndiye sululu?

#30 Kaole_Mwenyeji
Ndiye. Ila kwetu wengi wakiona ndege yeyote wa matopeni wanasema chekeamwezi, wamemaliza.

#31 BiKigombe
Sululu ni sululu, mdomo wake wenyewe unakwambia. Chekeamwezi ni wale wadogo. Msichanganye watoto.

#32 Tuta_la_Pili
Nimesoma uzi wote kimya siku mbili. Nina jambo, na heri niliseme. Mwaka jana nilikuwa kwenye zoezi hilo hilo, kundi la pili, jaruba la nne na la tano. MwanaSahare alikuwa kundi la kwanza.

Alasiri ile kozi, yule ndege mwindaji, alipita. Alikuja chini chini kutoka upande wa mikoko, ndege wote wakainuka kwa pamoja, sauti kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Wakazunguka mara mbili, wakashuka kwetu. Sisi tukawahesabu. Sasa najiuliza: je, kundi la kwanza walikuwa wameshawaandika kabla hawajaruka? Kama ndivyo, mwaka jana tuliwaandika mara mbili, na "nusu" ya mwaka huu ndiyo hesabu ya kweli.

Sikusema wakati ule kwa sababu furaha ilikuwa kubwa, kila mtu anataja idadi kwa sauti. Nisameheni.

#33 MwanaSahare
Tuta_la_Pili, hakuna wa kukulaumu, na mimi namkumbuka kozi yule. Nimetafuta daftari langu la mwaka jana. Jaruba la tatu nimeandika "10:20 jioni". Wewe uliandika saa ngapi?

#34 Tuta_la_Pili
Sikuandika saa. Niliandika idadi na jina langu.

#35 DarubiniKuukuu
Kwa wanaotaka kuanza: saa, hali ya maji, upepo, na ulichotarajia ukakikosa. Orodha isiyotaja waliokosekana haiwezi kutofautisha "hawakuwepo" na "sikutazama". Hata eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege ulioona, inakuuliza kama umeandika wote uliowatambua au baadhi tu, kwa sababu hiyo hiyo.

Na watakaotaka kugeuza hesabu hizi kuwa utafiti wao, kibali kinahitajika, cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Kuhesabu chini ya zoezi lililoandaliwa, aliyeandaa ndiye anayebeba kibali. Muulizeni kabla hamjavaa viatu.

#36 Makorora_B
Na silikanti, yule samaki, je? Tuna hifadhi ya bahari kwa jina lake tangu 2009, mbona hatuitwi kumhesabu?

#37 BiKigombe
Yule anakaa kwenye mapango ya vilindini, mwanangu. Tunamjua alipoingia kwenye jarife tu. Utahesabu kwa kupiga mbizi?

#38 MwanaSahare
Wakuu, narudi na habari. Jana mwezi kumi na sita, tumekwenda watatu: mimi, Tuta_la_Pili na mzee Mchumvi aliyekubali kutoka nyumbani. Tumefika saa tisa, tukakaa kimya juu ya tuta. Saa tisa na nusu hapakuwa na kitu. Maji yakaanza kuingia mikokoni, na kundi la kwanza likaja, saba. Kisha thelathini na kitu. Mpaka saa kumi na robo jaruba la tatu limekuwa jeupe kama mwaka jana. Tumehesabu kila mmoja peke yake bila kusemezana, tukalinganisha: 212, 205, 220. Nikaandika zote tatu.

Bi Kigombe, nilitamani ungekuwepo.

Lakini wadogo hawakuja. Majaruba mawili ya katikati bado yamejaa maji, kama alivyosema mzee. La tatu la katikati maji yako sawa kabisa, kifundoni, na mlikuwa na wachache sana. Mzee mwenyewe alinyamaza kidogo, akasema hilo hajui.

#39 Mchumvi_Mstaafu
Kweli nimenyamaza. Jaruba lile lilikuwa zuri.

#40 DarubiniKuukuu
Mliwaangalia manyoya? Kinda la mwaka huo mgongo wake una magamba, kingo za manyoya zimepauka. Kama wote ni wakubwa, narudi Siberia.

#41 Tuta_la_Pili
Sikujua cha kutazama. Nimepiga picha mbili kwa simu kupitia darubini, ukungu mtupu. Kimoja kina kitu mguuni, sijui ni pete au tope.

#42 Kaole_Mwenyeji
Iweke kwenye kundi la WhatsApp tuikuze. Na sisi Bagamoyo tunatoka kesho, alasiri, maji yakiwa bado makubwa.

#43 BiKigombe
Mwezi mpya ukiandama nitakuwa chumvini saa tisa na kikapu changu. Pongwe naye aje, nitamwangalia asilale.

#44 Pongwe_Reli
Nakuja, Bi Kigombe. Nauli yangu mwenyewe.